Kutoka Entebbe hadi Karen: mwalimu wa hisabati na historia ya semina

Katikati ya mwaka 1962, miezi michache kabla Uganda haijapandisha bendera yake, wanahisabati na walimu kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe na wenzao wa Marekani na Uingereza ili kuandika upya hesabu za shule. Wazo lilikuwa limezaliwa mwaka uliotangulia, katika mkutano ulioitishwa na watu wa chuo cha MIT huko Massachusetts. Utekelezaji ulikabidhiwa Educational Services Incorporated, shirika lililotokana na juhudi za Wamarekani za kurekebisha ufundishaji wa fizikia, juhudi ambazo zilimwagiwa fedha baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957. W. T. Martin, profesa wa hisabati wa MIT, aliongoza upande wa hisabati. Warsha zilirudiwa Entebbe mwaka baada ya mwaka, kisha zikahamia Mombasa. Zilizaa makumi ya vitabu, vya wanafunzi na vya walimu, kuanzia darasa la kwanza hadi sekondari, vikajaribiwa katika shule za Afrika Magharibi na za Mashariki. Watu walizoea kuziita hesabu hizo hisabati za Entebbe, na kwa muda mfupi mji huo mdogo wa ukingoni mwa Ziwa Victoria ulikuwa na sifa kubwa katika ulimwengu wa elimu kuliko miji mingi mikubwa ya bara hili.

Kisa cha hisabati hizo, zilizoitwa pia hisabati mpya, husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha somo geni lililoletwa kwa ndege, likawashinda watoto na wazazi, likafukuzwa. Masimulizi hayo yana ukweli wake, lakini yanaacha nje jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Tangu 1962 hadi leo, karibu kila jaribio la kuinua ufundishaji wa hisabati Afrika Mashariki limetenganisha kazi mbili: kufikiri kuhusu somo na kulifundisha. Kufikiri kumefanyika juu, kwenye warsha, kwenye taasisi, kwenye chuo cha kitaifa. Darasani kimeshushwa kile kilichokwisha kufikiriwa, kikiwa kitabu, moduli au muhtasari wa semina. Wale waliokaa mezani wakabishana juu ya namna ya kumweleza mtoto kutoa kwa kuazima, au kwa nini hasi mara hasi ni chanya, walitoka wakiwa walimu bora. Wale waliopokea matokeo ya mabishano hayo hawakubadilika sana, wala hapakuwa na sababu ya kutegemea wabadilike.

Tazama kilichompata mwalimu wa kawaida. Alikuwa amefunzwa hesabu za kuandika na za kichwa, za yadi na futi, za riba na mgawanyo. Ghafla alikabidhiwa kitabu kilichoanza na seti, kikaenda kwenye mstari wa namba, kikamtaka ahesabu kwa msingi wa tano badala ya kumi. Kwa upande wa sekondari kulikuwa na mkondo wa pili, wa Waingereza: vitabu vya School Mathematics of East Africa, vilivyofuata School Mathematics Project ya kwao, pamoja na matriki na jiometri ya mageuzo. Waandishi walijua vizuri kwa nini seti zimetangulia: walitaka mtoto aione namba kama sifa ya mkusanyiko wa vitu kabla ya kuiona kama alama ya kuandika. Sababu hiyo ilikuwa na uzito, lakini ilibaki vichwani mwa waandishi. Mwalimu aliyepata kozi fupi ya likizo, au asiyepata kabisa, aliiona seti kama mada nyingine ya kukaririwa: chora duara, weka vitu ndani, andika mabano. Hivyo somo lililobuniwa ili kuua kukariri likafundishwa kwa kukariri, na mwalimu hastahili lawama kwa hilo, kwani hakuna aliyempa nafasi ya kuuliza swali ambalo seti zilikuwa jibu lake.

Ajabu ni kwamba dalili ya hatari ilionekana mapema, tena ndani ya mradi wenyewe. Ili kuelewa kwa nini watoto wa Liberia walipata shida na hesabu za shule, mwanasaikolojia Michael Cole alipelekwa huko, akafanya kazi na John Gay wa Chuo cha Cuttington miongoni mwa Wakpelle. Kitabu chao cha 1967, The New Mathematics and an Old Culture, kilionyesha kwamba wakulima wa Kikpelle walikadiria idadi ya vikombe vya mchele ndani ya chombo kwa usahihi uliowaacha mbali Wamarekani waliopewa jaribio lilelile. Watu hawa walikuwa wakipima na kukadiria kila siku sokoni na shambani, ila shule haikuwa na njia ya kuupokea ujuzi huo. Watoto wao darasani walikariri maneno ya mwalimu bila kuona yanahusiana vipi na jambo lolote wanalolijua. Ugunduzi wa namna hii haufai kuwekwa ndani ya kitabu kimoja cha bara zima. Wanachokiuza sokoni wakulima wa Bong, Liberia, sicho wanachokiuza wavuvi wa Kilwa. Wa kuutumia ni mtu aliyeko pale, anayejua vipimo vya soko la pale na makosa ya watoto wa pale, yaani mwalimu, endapo atapewa muda na wenzake wa kufanya nao kazi hiyo.

Tanzania ilikuwa na sababu zake za kwenda njia nyingine. Mwaka 1967, pamoja na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule za msingi, na hisabati ikabidi iandikwe upya kwa lugha hiyo. Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974, lililotaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa ifikapo 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo, kwa hiyo makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walipewa chaki na kufunzwa wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi wa karibu. Walimu wa UPE (elimu ya msingi kwa wote), kama walivyoitwa, walidharauliwa sana baadaye, pengine kupita kiasi. Ukiondoa dharau, utakuta kwamba huo ndio wakati ambapo mafunzo ya mwalimu yalifungamanishwa na darasa lake: asubuhi anafundisha, mchana anajifunza. Mpango wa MTUU wa miaka hiyohiyo, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na UNESCO, ulikuwa na wakufunzi waliozunguka shuleni wakitazama somo likifundishwa. Udhaifu ulikuwa kwenye kilichofundishwa: elimu ndogo ya hisabati, haraka haraka, kwa watu ambao wenyewe walikuwa wameipata kidogo. Umbo lilikuwa jema na chombo kilikuwa karibu tupu.

Kenya ilizika hisabati mpya mwaka 1981 kwa agizo la Rais Daniel arap Moi. Wazazi wengi walifurahi. Sasa hapa ndipo pingamizi la kwanza linapopaswa kujibiwa, kwa sababu wapo wanaosema tatizo lote lilikuwa maudhui, na kwamba ukiondoa upuuzi wa seti ukarudisha kujumlisha na kutoa, mambo hunyooka. Mwanahisabati Morris Kline alisema karibu hayo huko Marekani katika kitabu chake cha 1973, na alikuwa na hoja: utaratibu wa mwanahisabati aliyebobea si utaratibu wa mtoto anayeanza. Nakubali kwamba vitabu vya Entebbe vilibeba mawazo mengi ya chuo kikuu kuliko ilivyofaa. Lakini kama maudhui yangekuwa ndiyo ugonjwa, dawa ya 1981 ingeponya. Seti ziliondolewa katikati ya somo, mfumo mzima wa elimu ukabadilishwa kuwa 8-4-4 mwaka 1985, na bado kufikia mwisho wa miaka ya 1990 alama za hisabati na sayansi katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, zilikuwa mbaya kiasi cha kuifanya serikali iombe msaada Japani. Kitabu kilikuwa kimebadilishwa mara mbili. Uhusiano wa mwalimu na kitabu, wa mpokeaji na agizo, ulibaki vilevile.

Mradi uliotokana na ombi hilo uliitwa SMASSE, ulianza 1998 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, katika wilaya tisa, zikiwemo Kajiado, Makueni na Kisii ya Kati, kisha ukapanuliwa nchi nzima kuanzia 2003. Makao yake ya kwanza yalikuwa Chuo cha Walimu wa Sayansi cha Kenya jijini Nairobi, baadaye yakahamia mtaa wa Karen na kuwa CEMASTEA, ambayo mpaka leo ndiyo taasisi ya serikali ya kuendeleza walimu wa hisabati, sayansi na teknolojia. Utafiti wa awali uligundua kilichotarajiwa: walimu wakizungumza muda wote, wanafunzi wakinakili, na pande zote mbili zikiwa zimekwisha kukata tamaa na somo. Mradi ulijibu kwa vifupisho viwili ambavyo kila mwalimu wa Kenya wa enzi hiyo anavikumbuka, ASEI na PDSI. Cha kwanza kilidai somo lijengwe juu ya shughuli, mwanafunzi awe katikati, pawe na majaribio, na vifaa vibuniwe kutokana na vilivyopo. Cha pili kilikuwa mzunguko wa kazi: panga, tenda, tazama, rekebisha.

Kifupisho hiki cha pili ndicho kilichobeba roho ya Japani. Huko, tangu mwishoni mwa karne ya 19, enzi za Meiji, walimu wamekuwa na desturi ya kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao akalifundisha huku wengine wamesimama pembeni wakiandika wanachokiona kwa watoto, kisha wakakaa kulichambua na mara nyingi kulifundisha tena likiwa limerekebishwa. Watafiti James Stigler na James Hiebert waliitangaza desturi hiyo duniani mwaka 1999, baada ya kulinganisha mikanda ya video ya masomo ya hisabati ya Japani, Ujerumani na Marekani. Somo linaweza kuwa dogo kabisa, kwa mfano kutoa 9 kwenye 13, na wakabishana saa nzima kama namba iwe 13 au 12, na kama mtoto aanze kuitoa 9 kwenye 10 au aipunguze 13 kidogo kidogo. Anayewatazama kutoka nje huona wanapoteza muda. Kumbe humo ndimo elimu ya mwalimu inapotengenezwa, kwa sababu kila chaguo la namba linafungua njia moja ya kufikiri kwa mtoto na kufunga nyingine.

Namna PDSI ilivyoshuka Kenya ni jambo jingine. Wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wakufunzi wa wilaya, nao wakawafunza walimu katika vituo, siku kumi kwa mwaka wakati wa likizo, kwa mizunguko minne: mwaka wa kwanza mtazamo, wa pili vitendo, wa tatu utekelezaji darasani, wa nne kutazama yaliyomfikia mwanafunzi. Fedha za vituo zilichangwa kutoka karo za shule. Ulikuwa mpango wa heshima, wenye nidhamu kuliko miradi mingi iliyoutangulia, na nchi nyingine za Afrika zilikuja kujifunza kwake kupitia mtandao wa SMASE-WECSA ulioanzishwa 2001. Hata hivyo mzunguko wa panga, tenda, tazama, rekebisha ulifundishwa mahali ambapo hapakuwa na darasa halisi kwa sehemu kubwa ya muda, kwa walimu waliotoka shule tofauti na ambao wangerudi kila mmoja kwake. Aliyerudi na moyo wa kufanya ASEI alikuta wenzake hawana habari nayo, mtihani uko mbele, na darasa lina wanafunzi wengi kuliko madawati. Kilichobaki mara nyingi ni andalio la somo lenye vichwa vipya. Manung'uniko kuhusu posho, yaliyoisumbua SMASSE kwa miaka, huhesabiwa kuwa tamaa ya walimu. Mimi nayasoma kama hukumu ya wafanyakazi walioitwa likizoni kupokea kitu wasichokimiliki, wakadai walipwe kwa kupokea.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Utawaachaje walimu wafikiri wenyewe, watu watauliza, ikiwa hisabati wenyewe hawaijui? Tafiti za Benki ya Dunia katika nchi saba za Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, zilikuta walimu wa darasa la nne, tena si wachache, wakishindwa maswali ya kutoa na kuzidisha namba za tarakimu mbili. Kuwakusanya watu hawa kwenye ofisi ya walimu si kukusanya ujinga? Jibu zuri zaidi ninalolijua linatoka China, Shanghai ikiwemo. Mtafiti Liping Ma, katika kitabu cha 1999, aliwapa walimu 23 wa Marekani na 72 wa China swali la kugawanya 1¾ kwa ½. Kati ya Wamarekani, wenye shahada za chuo kikuu, waliokokotoa kwa usahihi hawakufika nusu, na mmoja tu aliweza kutunga hadithi inayoonyesha maana ya mgawanyo huo. Wachina wote 72 walikokotoa sawasawa na wengi sana wakatunga hadithi zenye maana, ilhali shule yao wenyewe ilikuwa imeishia kwenye miaka tisa kabla ya chuo cha ualimu. Ma aliwauliza walivyoipata elimu hiyo. Walisema waliipata kazini: kwa kukichambua kitabu cha mwalimu neno kwa neno, kwa kukaa kila wiki na wenzao wa somo hilo, kwa kutatua swali moja kwa njia nyingi, na kwa kusikiliza watoto. Walikuwa na wazoefu kati yao, na Wajapani nao hualika mjuzi wa nje kuhitimisha uchambuzi, kwa hiyo hakuna anayesema walimu waachwe peke yao. Lakini pengo la ujuzi lilizibwa na kazi ya pamoja, jambo ambalo kozi za chuo kikuu hazikuwafanyia Wamarekani.

Lipo la tatu, nalo limepata nguvu karibuni. Mradi wa Tusome, ulioanza nchini Kenya 2015, ulipandisha usomaji wa madarasa ya chini kwa miongozo iliyomwelekeza mwalimu hatua kwa hatua, na mtindo huohuo ukapelekwa kwenye hesabu za madarasa ya mwanzo. Mwalimu hakuombwa abuni somo, na watoto walisoma. Sina sababu ya kuyakana matokeo hayo. Nataka tu yasomwe vizuri: Tusome haikuacha miongozo ishuke yenyewe. Iliwapa maafisa wa kusaidia walimu vishikwambi, ikawarudisha darasani, ikawafanya watazame masomo na kuzungumza na mwalimu baada ya kipindi. Ukiondoa ziara hizo hubaki na kitabu kingine kilichotumwa kwa lori. Tena kusoma herufi kuna mpaka unaofikika mapema, wakati hisabati inakua na mtoto. Mwalimu anaweza kuongozwa neno kwa neno katika kujumlisha 7 na 5. Katika aljebra, mwanafunzi atakapouliza swali ambalo mwongozo haukulitabiri, atabaki na alichonacho kichwani.

Mahali pengine njia ya walimu kufikiri pamoja ndani ya shule imekwisha kujaribiwa kwa uvumilivu. Zambia, kuanzia 2005, ilianza utafiti wa somo, yaani desturi ile ya Kijapani, katika Jimbo la Kati kwa msaada wa Japani uleule, ila ikaupandikiza kwenye mfumo wake wa SPRINT uliokuwa umekwisha kuweka mikutano ya walimu ndani ya shule tangu miaka ya 1990. Hawakuanza na semina ya taifa ikashuka. Walikuwa na vikundi, wakavipa kazi ya kufanya. Kenya pia ilikuwa imekaribia hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa mpango wa SbTD ulioipa kila shule ya msingi mwalimu kiongozi wa Hisabati, mmoja wa Sayansi na mmoja wa Kiingereza, wasome moduli kisha wawaongoze wenzao. Fedha za wafadhili zilipokwisha, shughuli ikafifia, ingawa wazo lilikuwa bora kuliko mengi yaliyolifuata.

Leo Kenya na Tanzania, nchi mbili jirani, zimechukua njia zinazotofautiana. Kenya, kupitia Tume ya Huduma kwa Walimu, ilizindua 2021 mpango wa moduli za kujiendeleza ambazo mwalimu alitakiwa kuzilipia mwenyewe, na vyama vya walimu vikapiga kelele mara moja. Tanzania, chini ya Taasisi ya Elimu, imeanzisha MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yenye jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule. Kwa umbo, MEWAKA iko karibu zaidi na Shanghai kuliko chochote kilichowahi kujaribiwa hapa tangu Entebbe. Kwa kilichomo ndani, bado moduli zinaandikwa Dar es Salaam na jumuiya huzipitia ukurasa kwa ukurasa. Tofauti itaonekana siku walimu wa hisabati wa darasa la tano watakapoingia kwenye kikao na madaftari ya watoto, wakayapanga mezani kwa aina ya makosa, wakaamua pamoja somo la Jumanne litakuwaje na nani aje kulitazama. Kikwazo cha kufanya hivyo si mtaala wala uhaba wa pesa. Ratiba ya shule haikihesabu kikao hicho kuwa sehemu ya kazi ya mwalimu, kwa hiyo kinasukumwa saa tisa alasiri, baada ya vipindi vyote, mbele ya rundo la madaftari yasiyosahihishwa, na kwa mwalimu anayekaa mbali na shule huo ni wakati wa kuwahi daladala.